Kadi ya Kliniki Siku ya Kuandikisha Mtoto: Somo kwa Shule na Vituo vya Kulelea Watoto

Septemba 2023, Kagera ilikuwa miongoni mwa mikoa sita iliyoendesha kampeni ya matone ya polio kwa watoto wenye umri chini ya miaka minane, baada ya mtoto mmoja kuthibitika kuugua polio mkoani Rukwa. Mgonjwa mmoja alitosha kuishughulisha mikoa sita. Wakazi wa Karagwe na Kyerwa, walio jirani na Uganda na Rwanda, wana sababu ya ziada ya kujihadhari, kwani maradhi hayasimami mpakani.

Hata hivyo, kampeni huja na kupita. Kinga ya kudumu hutokana na chanjo za ratiba, na mahali pafaapo kuihakiki ratiba hiyo ni pale mtoto anapoandikishwa shuleni au katika kituo cha kulelea watoto wadogo mchana.

Dozi inayosahaulika

Ratiba ya taifa huanza mtoto anapozaliwa, huendelea katika wiki ya 6, ya 10 na ya 14, kisha miezi 9 na miezi 18. Miadi ya mwanzo hufuatana kwa karibu. Kati ya mwezi wa 9 na wa 18 pana pengo refu: mtoto anatembea, mama amerudi shambani, na dozi ya pili ya surua na rubella husahaulika kwa urahisi.

Hasara yake huonekana darasani. Dozi moja inayotolewa katika miezi 9 huwakinga takribani watoto 85 kati ya 100. Katika darasa la watoto 60 waliopata dozi hiyo pekee, watoto wapatao tisa huweza kubaki bila kinga. Ili surua isienee, watu wapatao 95 kati ya 100 wanapaswa kuwa na kinga. Dozi ya pili ndiyo huziba pengo hilo.

Hatua kwa walimu na walezi wa vituo

1. Kila mzazi aombwe kadi ya kliniki wakati wa kuandikisha mtoto, na tarehe za chanjo zinakiliwe katika kumbukumbu za shule au kituo.
2. Majina ya watoto wenye upungufu yapelekwe katika zahanati au kituo cha afya kilicho karibu. Mhudumu wa afya ndiye atakayeamua dozi zinazostahili kulingana na umri.
3. Mzazi apewe tarehe ya kurudisha kadi ikiwa imejazwa, na tarehe hiyo ifuatiliwe.
4. Mtoto asikataliwe kwa sababu ya chanjo iliyokosekana. Akirudishwa nyumbani, hukosa masomo na huenda chanjo asiipate.
5. Mtoto mwenye homa na vipele apelekwe zahanati mara moja, na uongozi wa shule utoe taarifa siku hiyo hiyo.

Shule za msingi na sekondari zina jukumu jingine: kuwahimiza wasichana wenye umri wa miaka 9 hadi 14 kupata chanjo ya kukinga saratani ya mlango wa kizazi, ambayo tangu 2024 hutolewa kwa dozi moja.

Wajibu wa mzazi

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataja chanjo miongoni mwa haki ambazo mzazi au mlezi anawajibika kumpatia mtoto. Chanjo za ratiba hutolewa bila malipo katika vituo vya umma. Aliyechelewa haanzi upya, huendelea alipoishia. Aliyepoteza kadi arejee kliniki alikochanjwa mtoto, ambako rejista hutunzwa. Aliyechanjiwa mtoto nchini Uganda au Rwanda aihifadhi kadi ya huko na kuionyesha.

Kadi hiyo isitupwe mtoto anapoacha kwenda kliniki. Itunzwe pamoja na cheti cha kuzaliwa, na siku ya kumwandikisha mtoto vyote viwili vipelekwe shuleni.