Kabla hujafunga miti ya mihogo kwenye pikipiki

Mvua zikikaribia Tarime na Serengeti, miti ya mihogo huanza kupita huku na huku. "Hii haishambuliwi na wadudu," utaambiwa. Mambo haya yatakusaidia kumjibu anayekuambia hivyo.

1. Uliza inahimili nini hasa: nzi weupe wenyewe, au magonjwa wanayoyaeneza, yaani batobato na michirizi ya kahawia? Uganda ilisambaza mihogo iliyohimili batobato. Nzi weupe wakaendelea kujaa juu yake, na kuanzia 2004 michirizi ikazuka kwenye mihogo hiyohiyo, kisha ikaingia Kanda ya Ziwa.

2. Nzi kuukataa muhogo si heri kila mara. Kukipata kirusi cha batobato hufyonza kwa saa kadhaa, halafu hudumu nacho siku nyingi. Muhogo usiompa raha ya kukaa hapo unasaidia kweli. Cha michirizi hukibeba kwa muda mfupi sana, na baada ya siku moja hivi kimekwisha. Sasa mwenye kuonja, akakunja uso, akarukia shina la pili, la tatu? Huyo anaweza kukusambazia ugonjwa kuliko aliyetulia anakula.

3. Geuza majani machanga ya juu, asubuhi, nzi wakiwa bado wazito. Wamejibanza upande wa chini, na kila mmoja hana zaidi ya milimita moja au mbili. Majani ya juu yenye mabaka na yaliyojikunja ni batobato. Michirizi itafute kwenye majani yaliyokomaa: umanjano unaofuata mishipa.

4. Majani mazuri yasikulaghai. Ng'oa shina moja, kata muhogo wenyewe. Ukiona madoa makavu ya kahawia, miti hiyo iache hapo hapo, hata kama ni ya shemeji na ni ya bure. Kuna aina zinazostahimili zikibeba kirusi kimyakimya: mwenyewe anavuna, jirani analia.

5. Mbegu safi? Anzia kwa afisa ugani. TARI Ukiriguru, Mwanza, ndiyo kituo cha utafiti cha kanda.

6. Ng'oeni pamoja. Chato na Mkuranga, wakulima waliondoa mihogo ya zamani eneo zima ndipo wakapanda safi. Ukisafisha peke yako, nzi wa ng'ambo ya mfereji wanakusubiri.

7. Swali hilohilo, inahimili nini hasa, liulize na kwenye mahindi. Kinga dhidi ya funza wa mabua haimzuii kidukari wala thripsi, na hao ni miongoni mwa waenezaji wa ugonjwa hatari wa mahindi uliozuka Bomet, Kenya, 2011, na kufika Tanzania 2012. Anayekuuzia mbegu "isiyoliwa na funza" pale Sirari, muulize na hilo.