MGOMBA WAKO UNAUGUA NINI?



Huenda ukashangaa kuona ukurasa wa afya mwezi huu umeingia kibanjani. Katika Bukoba na Muleba, afya ya nyumba huanzia kwenye mgomba. Mgomba ukifa, mama huuza maharage ili anunue unga, na mtoto hubaki na uji mtupu. Ndizi humpa mtoto nguvu, lakini maharage, dagaa na maziwa ndivyo vinavyomjenga mwili. Kwa hiyo kibanja kikiugua, haipiti muda mrefu tukaona watoto wenye miguu iliyovimba na nywele zilizobadilika rangi.

Watu wengi wakiona jani la njano husema, "Ni ule mnyauko," wakafyeka kila kitu. Wengine husema, "Ni jua tu," wakaacha ugonjwa uenee. Wote wanatibu bila kupima. Kama vile si kila homa ni malaria, si kila jani la njano ni mnyauko.

JINSI YA KUUPIMA MGOMBA

Fanya mambo manne kwa utaratibu. Angalia ni majani gani yameanza kugeuka, ya chini au ya katikati. Angalia mkungu na ua lake. Kata shina la mgomba unaoumwa utazame ndani. Mwisho, fukua udongo uone kitako na mizizi. Ukimaliza, linganisha uliyoyaona na haya yafuatayo.

1. Njaa ya udongo. Majani ya chini huwa na rangi ya chungwa kuanzia nchani na pembeni, kisha hukauka. Majani machanga hubaki ya kijani. Shina ni jembamba na mkungu ni mdogo. Ndani ya shina ni safi. Zamani vibanja vyetu vililishwa na samadi ya ng'ombe na nyasi za rweya. Leo nyumba nyingi hazina ng'ombe, na kila mkungu unaopakiwa kwenye gari unaondoka na chakula cha udongo. Mgonjwa huyu anapona. Mpe samadi iliyooza, debe moja au mawili kwa shina, na majivu ya jikoni. Tandaza nyasi, lakini ziache mbali kidogo na shina. Punguza machipukizi wabaki watatu: mama, mtoto na mjukuu.

2. Fukusi na minyoo ya mizizi. Mgomba huanguka ukiwa na mkungu, hata bila upepo mkali. Ukikata kitako ukakuta mashimo yaliyochimbwa na funza weupe, huyo ni fukusi. Ukikuta mizizi imeoza na kukatika mifupi, hiyo ni minyoo isiyoonekana kwa macho. Kwa fukusi, pasua vipande vya shina lililokwisha kuvunwa, uvilaze chini usiku upande uliopasuliwa ukigusa udongo. Asubuhi funua, okota wadudu weusi waliokusanyika, uwaue. Unapopanda upya, menya kitako cha chipukizi mpaka kiwe cheupe, kisha kitumbukize katika maji yanayochemka kwa sekunde 30. Zikizidi, utakipika. Watoto wakae mbali na maji hayo.

3. Panama. Majani ya chini hugeuka njano, huvunjika kwenye vikonyo na kuning'inia kuzunguka shina kama sketi. Shina huweza kupasuka chini. Ukilikata utaona mistari ya kahawia au nyekundu, lakini halitoi usaha, na tunda ndani halina doa. Ugonjwa huu hushika zaidi kisubi na kainja. Migomba yetu ya kupika kwa kawaida huuhimili. Kuvu wake hukaa udongoni miaka mingi, kwa hiyo usipande tena kisubi mahali pale.

4. Mnyauko wa bakteria, ambao wengine huuita unyanjano. Huu ndio hatari kuliko yote. Majani hulegea kama yaliyomwagiwa maji ya moto. Ua dume hunyauka. Ndizi huiva kabla ya wakati, nyingine zikibaki mbichi katika mkungu uleule, na ukizikata ndani zina rangi ya kutu. Ukikata shina, baada ya dakika chache hutoka usaha wa njano. Ugonjwa huu ulijulikana kwanza Ethiopia, ukaingia Uganda mwaka 2001, na hapa Kagera mwaka 2006. Hauna dawa. Hata migomba ya FHIA iliyosambazwa kwetu kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990 hushikwa nao.

PANGA NI KAMA SINDANO

Hakuna mtu leo anayekubali kuchomwa sindano iliyotoka kwa mgonjwa mwingine. Lakini panga moja hukata majani ya kibanja kizima, kisha huazimwa na jirani. Hivyo ndivyo mnyauko unavyosafiri. Fanya hivi:

- Pitisha panga kwenye moto mpaka liwe la moto sana, au lioshe kwa Jik sehemu moja na maji sehemu tano, kila unapotoka shina moja kwenda jingine. Jik iwekwe mbali na watoto.
- Vunja ua dume kwa kijiti chenye panda, bila kisu, mara tu chane la mwisho linapotokea. Wadudu hubeba ugonjwa kutoka ua hadi ua.
- Mgomba ulioshikwa ukate usawa wa ardhi, wenyewe tu. Rudia ukaguzi kila wiki, kwa miezi kadhaa.
- Mabaki yarundike mbali na migomba mizima, mbuzi wasiyafikie.
- Usichukue wala kutoa machipukizi katika kibanja chenye ugonjwa.
- Kama migomba mingi imeshikwa, ng'oa yote, upande maharage au viazi vitamu angalau miezi 6.

Wengine huuliza kama ndizi hizo zinaambukiza watu. Hapana, bakteria huyu hashiki binadamu. Lakini maganda yake yanaweza kubeba ugonjwa, kwa hiyo usiyatupe kibanjani.

Ukiwa na mashaka, mwite afisa ugani wa kata, au uliza kituo cha utafiti cha Maruku. Usione haya kumwambia jirani kwamba kwako umeingia ugonjwa. Anayeficha huambukiza kijiji.

MASWALI YA KUJADILI NYUMBANI

1. Panga letu limeazimwa na nani mwezi huu, na lilisafishwaje liliporudi?
2. Katika kibanja chetu ni migomba mingapi inaumwa, na kila mmoja unaumwa nini?
3. Mavuno yakipungua, tutafanyaje ili maharage ya watoto yasiuzwe?