Namba Uliyoiandika Kwenye Fomu ya Klabu Bado ni Yako

Dada mmoja wa Mombasa alijiunga na klabu ya kukimbia. Kwenye fomu akajaza jina, namba ya simu, namba ya kitambulisho, mtaa anakoishi na mtu wa kupigiwa akipatwa na jambo njiani. Aliyenakili fomu hizo kwenye rejista akaruka herufi 'h' katika jina lake. Baada ya miezi mitatu ujumbe ukaanza kumiminika: ploti za bei nafuu, bima, kisha salamu za mwaniaji udiwani. Kila ujumbe ulimtaja kwa jina, na kila mara ile 'h' haikuwepo.

Alipouliza, katibu alimjibu kwamba namba ya simu si siri, kila mtu anayo. Jibu hilo nimelisikia kwenye vyama vya akina mama, kwaya, hata kamati za matanga. Si kweli, na linawaumiza watu.

Kifungu cha 31 cha Katiba ya Kenya kinamlinda kila mtu dhidi ya kudaiwa au kufichuliwa habari zake za binafsi pasipo sababu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 ikafafanua zaidi: maelezo yatumike kwa shughuli ile ile uliyoelezwa ulipoyatoa. Ulitoa namba ili ujulishwe mazoezi yakiahirishwa. Haiwezi kugeuka bidhaa ya dalali wa ploti. Kifungu cha 37 kinakataza kutumia maelezo ya mtu kibiashara bila idhini yake ya wazi, isipokuwa pale sheria inaporuhusu na mwenyewe akajulishwa. Anayedai uliidhinisha ndiye wa kuthibitisha. Kukaa kwako kimya kwenye kundi la WhatsApp hakuhesabiki kuwa idhini.

Viongozi wengine hujitetea kwamba klabu yao ni ndogo. Kwa kawaida, shirika lenye wafanyakazi wasiofika kumi na mapato ya mwaka yasiyofika shilingi milioni 5 halilazimiki kujisajili kwa Kamishna wa Data. Msamaha huo ni wa usajili tu. Wajibu wa kulinda maelezo ya wanachama uko pale pale. Lakini pia tusizidishe. Mwenzako wa mazoezi akikupigia kukualika harusini, hapo hakuna kesi, na klabu ina haki ya kuweka kumbukumbu za michango yako maadamu u mwanachama.

Rejista za wanachama zina thamani kubwa kuliko tunavyodhani. Mnamo Juni 2021 Wakenya wengi walipoangalia mtandaoni walijikuta wameandikishwa katika vyama vya siasa ambavyo hawakuwahi kujiunga navyo. Majina na namba za vitambulisho vyao vilikuwa vimepitia mikono ya watu wasiowajua.

Basi ufanye nini? Wengi huizuia namba na kufuta ujumbe. Tafadhali usifute. Piga picha ya skrini inayoonyesha namba, tarehe na saa. Kwa dada yule, herufi iliyokosekana ni ushahidi wa kutosha kumfanya katibu ajieleze, kwa sababu kosa hilo liko kwenye rejista ya klabu.

Kisha iandikie klabu, barua au barua pepe, kwa mwenyekiti na katibu; malumbano ya kwenye kundi hayasaidii. Uliza wana maelezo gani yako, wamempa nani, na uwatake wakome. Kwa kanuni za 2021, ombi la kuona maelezo yako lijibiwe ndani ya siku 7, na la kuyafuta ndani ya siku 14. Haki ya kukataa kutumiwa matangazo haina masharti. Muulize na muuza ploti alikoipata namba yako.

Wakikupuuza, nenda kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data. Sheria inaipa siku 90 kukamilisha uchunguzi. Faini yaweza kufika shilingi milioni 5 au asilimia 1 ya mapato ya mwaka, yoyote iliyo ndogo, na aliyeumia anaweza kudai fidia hata kwa msongo wa mawazo, si kwa hasara ya fedha peke yake. Ofisi hiyo haitishi watu bure: Septemba 2023 iliitoza kampuni moja ya mikopo ya simu shilingi 2,975,000 kwa kutumia namba ilizopata kwa watu wengine kuwatumia watu ujumbe wa vitisho.

Malalamiko hayalipiwi na huhitaji wakili. Usipoweza kuandika, eleza kwa mdomo. Sheria inailazimu ofisi hiyo kuhakikisha maneno yako yamewekwa kwenye maandishi.