Hata Ulimi Hulelewa

Wahenga walisema, "Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo." Mimi nilidhani methali hii ni ya tabia tu. Kumbe hata ulimi hulelewa!

Nyumbani tuna kitinda mimba wetu. Alipotimiza miezi sita akaanza kula, kazi ya kumlisha uji wakati wa likizo ilikuwa yangu. Akilia tu, mimi huyo na kijiko cha sukari. Akinyamaza, narudi kwa redio yangu. Sasa ana miaka mitatu. Mpe managu uone: atakunja uso, ateme, kisha aulize sukari iko wapi. Siku moja nyanya akaniambia, "Mjukuu wangu, huyu si mkaidi. Ni wewe ulimfundisha." Maneno hayo yalinichoma, nikaenda kumwuliza mwalimu wetu wa Sayansi Kimu. Haya ndiyo niliyojifunza.

Kwanza, mtoto huzaliwa akipenda utamu na kuchukia uchungu. Maziwa ya mama yana utamu, na mimea mingi yenye sumu ni michungu. Kwa hivyo mtoto akikataa managu mara ya kwanza, hana makosa.

Pili, masomo ya ladha huanza tumboni. Ladha za vyakula alavyo mama hufika katika yale maji yanayomzunguka mtoto, na baadaye katika maziwa anayonyonya. Mwaka wa 2001, mtaalamu Julie Mennella na wenzake wa Philadelphia, Marekani, walichapisha utafiti kuhusu jambo hili. Kina mama walikunywa sharubati ya karoti siku 4 kwa juma, kwa majuma 3, wengine wakiwa waja wazito, wengine wakinyonyesha. Kundi jingine lilikunywa maji tu. Watoto walipoanza kula, wale waliokwisha kuonja karoti kupitia kwa mama hawakukunja uso sana walipopewa uji wenye ladha ya karoti.

Je, mtoto wa maziwa ya kopo? Maziwa hayo yana ladha ile ile kila siku. Basi huyo naye, akishaanza kula, aonjeshwe mboga za kila aina: kunde, terere, mrenda, malenge. Tusimlaumu mama aliyeshindwa kunyonyesha, njia haijafungwa.

Tatu, kukataa leo si kukataa milele. Mtoto huenda akahitaji kuonja chakula kipya mara 8, mara 10, au hata zaidi, ndipo akizoee. Sisi tukitemewa mara tatu tunasema, "Huyu hapendi," tunaacha. Usimlazimishe wala usimhonge kwa peremende. Mpe kidogo, nawe ule akikuona.

Likizo iliyopita nilianza upya na ndugu yangu. Siku ya kwanza alitema. Siku ya tano aliramba kidogo. Siku ya tisa alimeza kijiko kizima, kisha akaomba maji upesi upesi! Nyanya alicheka hadi machozi. Bado tuna safari, lakini tumeanza.

Wenzangu, wengi wetu tuna wadogo nyumbani, na kesho tutakuwa wazazi. Ukiachiwa mtoto na bakuli la uji, kumbuka kwamba wewe ni mwalimu. Udongo uwahi ungali maji.