Kadi ya Deni na Pointi Zake: Jawabu kwa Aliyetaka Kupunguziwa Riba

Imetufikia barua ya ndugu yetu mmoja, mzaliwa wa Mombasa, ambaye kwa miaka mingi sasa afanya kazi Marekani. Jina lake hatulitaji, wala mji akaao. Asema kwamba alichukua katika benki moja ya huko kadi ya mkopo, katika zile ambazo mwenyewe huandikiwa pointi moja kwa kila dola aitumiayo, na pointi zikikusanyika hugeuzwa tikiti ya ndege. Nia yake ilikuwa kumpeleka mamake Umra. Miaka miwili alilipa deni lote kila mwezi kabla ya siku yake, asitozwe hata senti. Kisha akapunguziwa saa za kazi, deni likabaki mwezi mmoja, likabaki na wa pili, na leo limefika dola 4,000, na riba yake ni 24 kwa mia kwa mwaka. Mwenzake wa kazini amemwambia kwamba benki yaweza kupigiwa simu ikaombwa kupunguza riba. Basi atuuliza mambo mawili: je, jambo hilo lawezekana kweli? Na je, Mwislamu akiomba apunguziwe riba, hawi kama aliyeiridhia ile iliyobaki?

Tumeonelea tuyajibu haya mbele ya wasomaji wetu wote, si kwa barua ya faragha, kwani kadi hizi zimekwisha fika kwetu pia, na benki za Nairobi na Mombasa huzinadi kwa pointi na zawadi vile vile.

Kwanza yafaa msomaji ajue kitu hiki kilikotoka. Mwezi wa Septemba 1958 benki iitwayo Bank of America ilipeleka kadi kiasi cha 60,000 katika mji wa Fresno, jimbo la California, ikazitia katika majumba ya watu ambao hawakuziomba. Mtu aliamka asubuhi akaona katika sanduku lake la barua ruhusa ya kukopa. Kadi hiyo ndiyo iliyokuja kuitwa Visa mwaka 1976. Kupelekewa watu kadi wasizoziomba kulipigwa marufuku Marekani mwaka 1970, lakini mlango ulikuwa umekwisha funguliwa. Mwaka 1978 Mahakama Kuu ya nchi ile ilihukumu kwamba benki yaweza kumtoza mtu wa jimbo jingine riba ya jimbo ilimo benki yenyewe. Benki zikahamishia kazi zao za kadi katika majimbo yasiyoweka mpaka wa riba, kama South Dakota, na tangu hapo mipaka ya majimbo mengine ikawa haimfai kitu mdeni. Zawadi zilikuja baadaye. Mwaka 1987 ilitoka kadi ya Citibank iliyofungamana na maili za ndege za American Airlines, na wengine wakafuata.

Twataja zawadi kwa sababu ndizo chambo. Mtu hujiuliza: benki yapata wapi fedha za kumpa mteja wake safari ya bure? Yazipata mahali pawili. Mwenye duka hukatwa sehemu katika kila kinunuliwacho kwa kadi, nako Marekani ni kiasi cha dola mbili katika mia, naye mwenye duka huitia katika bei, akailipa hata maskini anunuaye kwa fedha taslimu. Na mahali pa pili ni riba ya wale walioshindwa kulipa kwa wakati. Kwa hivyo kadi zenye zawadi kwa kawaida huwa na riba kubwa kuliko kadi kavu zisizo na kitu. Mwenye kumaliza deni lake kila mwezi husafiri kwa jasho la aliyeshindwa. Ndugu yetu alikuwa wa kwanza miaka miwili, sasa amekuwa wa pili, na kadi ni ile ile.

Sasa tuje kwenye hukumu. Riba ni haramu kwa nassi ya Kur'ani katika Suratul Baqara na Aal Imran, na Mtume (s.a.w.) amemlaani mlaji wake, na mlipaji, na mwandishi, na mashahidi wake wawili, kama alivyopokea Muslim. Kuibadilisha jina ikaitwa ada, au faida, au gharama ya huduma, hakubadilishi kitu. Samaki aliyeoza hanunuliki kwa kufungwa katika jani jipya. Na riba ya kadi hii yafanana mno na ile ya zama za Jahiliya, ambapo siku ya deni ikifika mdai humwambia mdeni: ama ulipe, ama uzidishe. Mwaka 2000 Baraza la Fiqhi ya Kiislamu lenye makao Jidda, katika kikao chake cha Riyadh, lilitoa uamuzi kwamba haijuzu kuchukua kadi ya mkopo yenye sharti la riba, hata kama mchukuaji ameazimia kulipa kabla ya riba kuanza, kwa kuwa sharti lenyewe limo katika mkataba. Wako wanavyuoni wengine, khasa waishio katika nchi za Magharibi, walioruhusu kwa mwenye yakini ya kulipa katika muhula. Sisi twaelekea kauli ya kwanza, na hali ya ndugu yetu ni katika hoja zetu: alikuwa na yakini, na yakini yake ilidumu hata siku alipopunguziwa saa za kazi.

Lakini suala lake si la kuingia, amekwisha ingia. Na hapa twaona baadhi ya watu hukosea kwa kudhani kuwa ni wacha Mungu. Husema: maadam yote ni haramu, kidogo chake na kingi chake ni sawa, hakuna haja ya kusemezana na benki. Hayo si kweli. Mtu aliye katika mashua iliyotoboka, akifua maji hakuliridhia tundu. Aliyetubia riba lililo juu yake ni kuacha kuongeza, na kutoka upesi kwa njia aiwezayo. Na kila senti isiyokwenda katika riba ni senti inayokwenda kupunguza asili ya deni. Mwenyezi Mungu ameamrisha, katika aya ya 280 ya Suratul Baqara, mdeni mwenye dhiki apewe muhula mpaka apate wasaa, na kumsamehe ni bora zaidi. Benki haikuisoma aya hiyo. Lakini mdeni kuomba jambo lililo karibu na haki yake si dhambi.

Ila tuna sharti moja, na twaomba asilipite upesi. Akiomba kupunguziwa ili atoke, hilo ndilo tulilolisema. Akiomba ili aendelee kununua kwa kadi ile na kukusanya pointi kwa bei nafuu zaidi, huyo si mwenye kutoka. Huyo amekaa sokoni apatana bei ya haramu. Maneno ya simu huwa yale yale, bali kazi ni mbili.

Na tufanye hisabu, maana pointi hupumbaza. Riba ya 24 kwa mia kwa mwaka ni kiasi cha 2 kwa mwezi. Katika dola 4,000 hizo ni dola 80 kila mwezi. Mtu akinunua kwa kadi vitu vya dola 1,000 kwa mwezi hupata pointi 1,000, na pointi mara nyingi huwa na thamani ya senti moja, yaani zote ni dola 10. Basi apewa kumi kwa mkono wa kulia na kutolewa themanini kwa mkono wa kushoto. Tena kuna jambo ambalo wengi hawalijui: ule muhula wa kutotozwa riba kwa vitu vipya hupotea deni la zamani likibaki. Mkate alioununua leo huanza kutozwa riba leo. Kila pointi anayoipata katika hali hii ameinunua, tena kwa bei mbaya.

Akiweza kulipa dola 200 kila mwezi, asinunue tena kitu kwa kadi, kwa riba ya 24 atamaliza katika miezi 26, na riba itakuwa karibu dola 1,160. Ikishuka hata 18, atamaliza katika miezi 24, na riba itakuwa karibu 790. Ikishuka hata 9, ni miezi 22, na riba kiasi cha 350. Aangalie ndugu yetu kwamba muda haukubadilika sana. Kilichobadilika ni fedha zinazopotea.

Je, benki hukubali? Mara nyingi hukubali, si kwa huruma. Kumpata mteja mpya ni gharama kwao, na mdeni akishindwa kabisa huenda wakapoteza hata ile asili. Riba za kadi nyingi za Marekani zimefungamana na riba ya msingi ya nchi, ambayo hufuata ile ya Benki Kuu yao, na juu yake kila benki huongeza fungu lake. Lile la msingi mtumishi wa simu hana amri nalo. Linalojadiliwa ni fungu la benki, na ndilo kubwa.

Apige namba iliyo nyuma ya kadi, akiwa na karatasi za hisabu mbele yake. Aseme kwa adabu na kwa ufupi: nina kadi yenu tangu mwaka fulani, nililipa kamili kwa miaka miwili, kipato changu kimepungua, nataka kulimaliza deni hili, na riba hii yanizuia, naomba mnishushie. Ataje kiwango akitakacho, asingoje kutajiwa. Yule wa kwanza kupokea simu pengine hana ruhusa. Amwombe kwa upole ampeleke kwa mkubwa wake, au kwa idara inayoshughulika na wateja wanaotaka kuondoka. Akikataliwa, ashukuru, apige tena baada ya wiki kadhaa; jawabu hutegemea pia ni nani aliyepokea. Asitoe tishio asiloweza kulitimiza, wala asiseme uongo juu ya hali yake. Uongo haukuwa halali kwa sababu anayeambiwa ni benki. Na akikubaliwa aulize: ni ya daima au ya miezi michache? Yahusu deni lililopo au manunuzi mapya tu? Kisha atake iandikwe. Ahadi ya simu ni upepo.

Hakutueleza kama aliwahi kuchelewa. Kama alichelewa siku 60 na riba ikapandishwa kwa sababu hiyo, basi ajue kwamba sheria ya Marekani ya mwaka 2009 imeilazimu benki kuirudisha ilipokuwa akilipa kwa wakati miezi sita mfululizo tangu kupandishwa. Hiyo si hisani, ni haki, na adai. Sheria hiyo hiyo imezilazimu benki kuonyesha katika hisabu ya kila mwezi deni litachukua muda gani mtu akilipa kile kiwango cha chini tu. Akisome kisanduku hicho. Twamjua mtu aliyekisoma akanyamaza siku nzima.

Ikiwa hata hizo dola 200 hazipati, aulize khasa kama benki ina mpango wa wenye dhiki. Huko riba hushuka zaidi, lakini kadi hufungwa au husimamishwa. Kwa wengine hilo ni adhabu; kwa huyu twaona ni faida ya pili. Ziko pia jumuiya za ushauri wa madeni zisizo za biashara. Umoja wao mkubwa, National Foundation for Credit Counseling, ulianzishwa mwaka 1951. Hizo husemezana na wadai wote kwa niaba ya mdeni, na hukusanya malipo yake mwezi kwa mwezi kwa ada ndogo. Ajihadhari na makampuni yanayoahidi kwa simu kufuta nusu ya deni na kutaka yalipwe kwanza. Kutoza hivyo kabla ya kazi kumekatazwa huko tangu 2010. Ama kuhamisha deni katika kadi nyingine isemayo riba ni sifuri kwa miezi kadhaa, hatumshauri: hutozwa ada ya dola 3 hadi 5 katika mia siku ya kuhamisha, huanzisha mkataba mpya wenye sharti lile lile la riba, na kadi ya zamani hubaki mfukoni ikiwa tupu na yenye kushawishi.

Na kabla ya yote hayo, je, hana ndugu? Jamaa wanne wakimkopesha mkopo mwema wa dola elfu elfu, usio na nyongeza, riba yote hufa mwezi huu. Twajua watu wetu huona haya kuomba kwa ajili ya deni, na hawaoni haya kuchangisha kwa ajili ya arusi ya siku tatu.

Yamebaki yale ya pointi alizokwisha kuzikusanya. Benki nyingi hukubali pointi zigeuzwe fedha zikatwe katika deni, ingawa hapo huenda thamani yake ikawa ndogo kuliko katika tikiti. Tunaloliona ni kwamba afanye hivyo, tena kabla ya kuingia katika mpango wowote wa kufunga kadi, kwani kadi ikifungwa huenda pointi zikapotea zote. Umra ya mamake haikuwa wajibu juu yake, na deni ni wajibu. Katika barua yake asema kwamba mama amekwisha waambia majirani atasafiri mwakani, naye hajui amwambie nini. Amwambie kwa kinywa chake, kwa simu, wiki hii, kabla ya kuipigia benki.