Roli Bila Kunyanzi: Vidokezo 9 kwa Wachapaji wa Stika na Mabango

Stika ya mita 30 imetoka, rangi zimekaa vizuri, mteja anaisubiri. Unafungua roli mezani, unakuta mstari wa kunyanzi umepita mshazari kutoka mwanzo hadi mwisho. Roli limeharibika, wino umekwenda, na kesho asubuhi mteja anafungua duka lake bila bango.

Habari njema ni kwamba makunyanzi mengi huzuilika kabla hujabonyeza kitufe cha kuchapa. Shika jambo moja tu: kiviringishi, ile mota ya mbele inayozungusha bomba la boksi na kupokea kazi, hakinyooshi kilichoingia kimepinda. Kinapokea kama kilivyoletewa. Kwa hiyo kazi ya kuzuia kunyanzi inaanzia nyuma ya mashine.

1. Lisome kunyanzi kwanza

Kunyanzi lina mwelekeo, na mwelekeo unataja chanzo. Likienda mshazari, malighafi imeingia imepinda au upande mmoja unavutwa kuliko mwenzake. Ukiona mifereji inayofuata urefu wa roli, joto au unyevu umetanua upana na upana huo umekosa pa kwenda. Likikatiza kutoka kingo hadi kingo, kiviringishi kinalegea kisha kinavuta ghafla. Ukishajua ni lipi, utarekebisha kitu kimoja badala ya kuhangaika na vitufe vyote.

2. Lipe roli muda wa kuzoea chumba

Karatasi hunywa unyevu wa hewa na kutanuka. Dar es Salaam, Zanzibar na Mombasa hewa ni nzito karibu mwaka mzima, na roli lililotoka stoo yenye joto kuingia chumba chenye kiyoyozi halitulii papo hapo. Liache saa 24 katika chumba cha kuchapia. Nyuzi 20 hadi 25 na unyevu wa asilimia 40 hadi 60 huifaa malighafi nyingi. Roli lisilotumika lirudishe kwenye nailoni yake, uliinue kutoka sakafuni, na usiliegemeze ukutani kwa mshazari, maana litapinda.

3. Upakiaji ndio moyo wa kazi

Kata kingo ya mbele iwe mraba kabisa. Inua magurudumu ya kubana, pitisha malighafi, kisha ivute mbele kama mita moja na nusu ukiwa umeishika katikati, si pembeni. Irudishe taratibu kwa kuzungusha roli la nyuma hadi ilale bila ulegevu. Angalia kingo za kushoto na kulia: zinafuata mstari uleule nyuma na mbele? Zikifuata, ndipo ushushe magurudumu.

Halafu ijaribu. Isogeze mbele mita moja au mbili bila kuchapa, ukitazama kingo. Ikihama hata kidogo, pakia upya. Mkeka ulioanza kukunjwa upande huishia upande, na kuukaza hakuusaidii.

4. Kagua bomba la kupokelea

Watu huokota bomba lolote lililobaki pembeni, na hapo ndipo tatizo linapoingia. Bomba lililobonyea, lililopinda au lililolowa linavuta kwa kishindo katika kila mzunguko. Tumia bomba lenye upana sawa na roli au zaidi kidogo, likaze vizuri pande zote mbili, kisha lizungushe likiwa tupu. Likiyumba, libadilishe.

5. Tepu: katikati kwanza

Acha malighafi ining'inie yenyewe hadi kwenye bomba. Bandika tepu katikati, kisha ulainishe kwa viganja kuelekea pembeni na kubandika kushoto na kulia. Kwa stika yenye upana wa mita 1.37 au 1.52, ongeza vipande viwili kati ya hivyo. Usivute pembe moja ili ifike: ikiwa haifiki, upakiaji wako umepinda, rudi kidokezo cha 3. Viringisha walau mzunguko mmoja kamili kabla ya kuanza, ili mvuto usitegemee tepu peke yake.

Unaogopa kupoteza malighafi? Unganisha kipande cha stika ya zamani mbele ya roli jipya, kikatwe mraba, na uchapaji uanze karibu na mwanzo wa roli lenyewe.

6. Usikaze kupita kiasi

Mashine nyingi za upana wa mita 1.6 hupokea kwa namna mbili: kwa kuvuta, au kwa kuacha malighafi ining'inie na nondo nyepesi kulala ndani ya mkunjo wake. Stika nyembamba huipenda zaidi namna ya pili, kwa sababu ikipata joto hulainika na kuvutika. Hakikisha nondo imelala sawa na inagusa upana wote. Turubai zito la mabango linastahimili kuvutwa. Na kazi ikishaanza, mikono kando: kuivuta malighafi kidogo tu kunaleta kunyanzi na mistari kwenye picha.

7. Joto lipande polepole

Stika ya plastiki ikipashwa hulainika na kutanuka. Ikibanwa huku inatanuka, inavimba, na pale inapovimba kichwa cha kuchapia kinaweza kuigusa. Hiyo ni hasara kubwa kuliko roli zima. Kwa wino wa solventi nyepesi, anza na joto la chini, tuseme nyuzi 35, ukipandisha kidogo kidogo hadi wino ukauke vizuri, kisha ishia hapo. Wino usipokauka, ongeza idadi ya mapito ya kichwa au washa feni kabla ya kuongeza joto. Na usiache malighafi imelala juu ya hita moto huku ukipanga kazi nyingine, maana sehemu hiyo hujikunja ikiwa imesimama tu.

8. Wino nao una uzito wake

Rangi nzito iliyojaa upana wote huilowesha malighafi na kuilegeza, na ikiviringishwa mbichi hunata mgongoni. Chagua mpangilio wa aina halisi ya malighafi katika programu ya kuchapia. Mpangilio wa turubai ukitumika kwenye stika humwaga wino mwingi mno. Kazi ikitoka, shusha roli bila kulisokota ili likaze, lisimamishe wima likiwa limelegea, na ulisubiri siku nzima kabla ya laminesheni ili solventi iishe kutoka.

9. Simama na mita mbili za kwanza

Makosa mengi ya upakiaji hujionyesha mapema. Tazama kingo ya roli linalojikusanya: mizunguko ikipandana sawasawa, endelea. Ikianza kutoka nje upande mmoja, simamisha kazi wakati hasara bado ni ndogo. Usilisukume roli kwa mkono lirudi. Upande mmoja utalegea na kunyanzi litaingia.

Msimu wa Sabasaba au wa kampeni, foleni ya wateja hukushawishi kupakia haraka. Hapo ndipo dakika tano za kunyoosha zina thamani zaidi. Zikikuletea matokeo mazuri, andika ndani ya bomba la roli kwa kalamu: aina ya malighafi, joto, namna ya kupokea. Anayeshika zamu baada yako, hata akiwa mwanafunzi wa wiki ya kwanza, ataanza pale ulipofika.