Kijiwe cha Sikio la Samaki: Somo la Kukua kwa Viumbe

Shabaha ya somo

Katika somo la kukua kwa viumbe, walimu wengi huwapa watoto rula na kuwataka wapime samaki au mimea. Njia hiyo ni njema, lakini ina upungufu mmoja: rula huonyesha ukubwa, haionyeshi umri. Samaki wawili wachanga wenye urefu sawa yawezekana mmoja amekua upesi, na mwingine, aliyemzidi kwa majuma kadhaa, amedumaa. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha jinsi kijiwe cha sikio kinavyomsaidia mwalimu kufundisha tofauti hiyo.

Maelezo kwa mwalimu

Samaki wengi wenye mifupa wana jozi tatu za vijiwe katika sikio la ndani. Vijiwe hivyo humsaidia samaki kusikia na kukaa sawasawa majini. Ingawa huitwa mifupa, vimefanyika kwa chokaa na protini kidogo. Huongezeka tabaka kwa tabaka maisha yote ya samaki, na tabaka lililokwisha kujengwa kwa kawaida halipotei. Magamba hayaaminiki hivyo, kwani hung'oka na mengine yakaota mahali pake.

Mwaka 1899 Reibisch wa Ujerumani alieleza pete za mwaka katika vijiwe hivi. Mwaka 1971 Giorgio Pannella alieleza pete nyembamba zaidi, zinazoongezeka kila siku. Hizo ndizo zitumikazo kupimia umri wa samaki wachanga.

Imejulikanaje kwamba pete moja ni siku moja? Watafiti huwaweka samaki katika maji yenye dawa ya tetrasaikilini. Dawa huacha katika kijiwe mstari unaong'aa ukimulikwa kwa mwanga wa urujuanimno. Baada ya siku 20, zikionekana pete 20 nje ya mstari, hesabu imethibitika kwa samaki wa aina hiyo. Uthibitisho huu ni wa lazima, kwa maana samaki mwenye njaa aweza kuwa na pete finyu zisizosomeka.

Njia ya kufundisha

Hatua ya kwanza. Leta vichwa vya samaki wakubwa vilivyochemshwa: sangara kwa shule za kandokando ya Ziwa Victoria, changu kwa shule za pwani. Pasua kichwa, utafute vijiwe vyeupe chini ya ubongo, upande wa kulia na wa kushoto. Jaribu wewe kwanza kabla ya siku ya somo.

Hatua ya pili. Chora ubaoni vijiwe viwili vya samaki wachanga, kila samaki akiwa na urefu wa milimita 30. Tuchukulie kwamba wote walianguliwa wakiwa na milimita 5, na pete zilianza siku hiyo. Kijiwe cha kwanza kina pete 50, cha pili 100. Waache watoto wakokotoe wenyewe: wa kwanza amekua nusu milimita kwa siku, wa pili robo tu.

Hatua ya tatu. Waulize: samaki wa kwanza akivuliwa tarehe 30 Juni, alianguliwa lini? Wakihesabu nyuma katika kalenda watafika tarehe 11 Mei. Hivyo ndivyo wataalamu wanavyotambua majira ambayo samaki huanguliwa, na wavuvi wakaweza kushauriwa wakati wa kuwahifadhi.

Tahadhari

Pete za siku hazionekani kwa macho wala kwa lenzi ya mkononi. Kijiwe husuguliwa kikawa chembamba, kisha hutazamwa kwa hadubini. Tuliwahi kuhudhuria somo la majaribio ambamo mwalimu alitangaza kwamba kijiwe kina pete 12. Watoto wote, kila mmoja na lenzi yake, waliziona 12. Mmoja tu alisema, "Mimi sizioni," akachekwa. Kumbe yeye ndiye aliyekuwa amejifunza sayansi siku ile. Mwalimu asimfundishe mtoto kuona asichokiona. Aseme wazi: haya tumeyaona wenyewe, na haya yameonwa na wengine kwa vyombo tusivyo navyo.

Mazoezi

1. Kwa nini urefu peke yake hautoshi kueleza kukua?
2. Samaki mwenye pete 40 alivuliwa tarehe 31 Agosti. Alianguliwa lini?
3. Andaa maswali matatu ya kumsaidia mtoto aeleze alichokiona kabla hujamwambia jibu.